Kiti cha Mama Mkwe

Uliza Nyakato yote hapa Mwanza, kuanzia viwandani mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi: nani anachomelea chuma na mshono usiuone? Watakwambia Osward Kahigwa, yule Mhaya. Wengine wataongeza kwamba ninaongea sana. Hilo nalo ni kweli, sina ugomvi nalo. Anayeijua kazi ana haki ya kuisema, asiyeijua ndiye anyamaze.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba niliiharibu kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliiharibu kwa makalio yangu mwenyewe, ujue halinitoki kirahisi.

Kazi yenyewe niliifanya kwenye Landrova ya marehemu baba mkwe, pikapu ya zamani aliyobebea pamba tangu mke wangu Suzana hajazaliwa. Mzee alipofariki, shemeji yangu Shigela, ambaye kazi yake iko Tunduma, alisema niitunze mimi kwa kuwa ndiye mwenye mikono. Nimeitunza kweli. Bampa la mbele nimelichonga kutokana na bomba la kisima. Vishikio vya milango nimevitengeneza kwa nondo. Tangi la mafuta nililiunda upya mwenyewe, na halivuji hata tone. Watu wanaopita na magari mapya yanayong'aa wananicheka, nami nawaambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tutaonana kwenye matope.

Sasa mama mkwe. Tunamwita Mama Shigela, na anaishi nasi Kiseke. Miaka miwili iliyopita alianguka uani, goti la kulia likavunjika, likaunga vibaya, na tangu hapo halikunji. Mguu unakaa umenyooka mbele kama mwiko. Anatembea kwa magongo kutoka chumbani mpaka barazani, basi. Kwenye teksi mguu hauingii. Kwenye basi lazima abebwe na konda na wanaume asiowajua, na siku tulipojaribu alimtandika konda gongo la mkono.

"Mimi si gunia la dagaa," alisema, na tukarudi nyumbani.

Dada yake, Mama Maige, anaishi kijijini, mbele ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Walikuwa hawajaonana miaka minne. Jumatatu moja Maige, mtoto wa huyo dada, alipiga simu akasema mama yake ameacha kula. Hospitali hataki, na pikipiki, ndicho chombo pekee walicho nacho pale nyumbani, haiwezi kumkalisha. Mama Shigela alisikiliza simu mpaka mwisho, akamrudishia Suzana.

"Nikienda kuzika nitaona sanduku," alisema. "Mimi sitaki kuona sanduku. Nataka kumwona dada yangu. Suzana, mwambie mwenzio."

Mwenzio ni mimi, na nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake.

Ndiyo mila ya nyumba ile. Kwao Suzana, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali sahani moja. Neno linapita kwa Suzana. Kwetu Bukoba pia tunamheshimu mama mkwe, tena sana, lakini tunamsalimu na yeye anaitikia! Hapa nimekaa miaka kumi na mmoja, shikamoo yangu inatumwa na marahaba yake inaletwa. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nilizoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio.

"Mwambie mama," nikamjibu Suzana, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwa majirani, "Ijumaa asubuhi anaondoka. Na hakuna mwanaume atakayemgusa."

Suzana alinifuata nje. "Osward, usiahidi mambo makubwa. Utamtoaje pale chini mpaka juu ya Landrova bila mtu kumgusa?"

"Wewe niletee vipimo. Mengine niachie mimi."

Na vipimo vyenyewe vilikuwa kichekesho, maana fundi hawezi kumpima mama mkwe wake. Nilimpa Suzana kamba. Akaingia nayo chumbani, akatoka nayo imejaa mafundo: fundo la goti, fundo la mgongo, fundo la kisigino. "Na upana?" nikauliza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kamba imeisha kabla ya upana." Nikampa nyingine. Uzito tuliusoma kwenye kadi yake ya kliniki, kilo tisini na nne.

Siku tatu karakana yangu haikupokea kazi ya mtu mwingine. Nilisimamisha nguzo mbili za chuma nyuma ya bodi, na kati yake nikaweka kiti kinachopanda na kushuka juu ya beringi. Kinavutwa na mnyororo wa pikipiki, na nimeweka meno ya kudaka ili hata ukiachia mpini kiti kisishuke. Chini ya kiti nikafunga shokapu nne za bodaboda, kusudi mashimo ya barabarani yaishie kwenye chuma, yasifike kwenye mifupa ya mtu. Mbele nikaweka egemeo la ule mguu usiokunja, na juu turubai la jua na mvua. Lakini akili yenyewe, ile ya Kihaya, ilikuwa kwenye mpini. Mnyororo niliuvuta mpaka ubavuni mwa kabini, upande wa dereva. Pale ninasimama mimi, nimempa mama mkwe mgongo, natazama mbele, nazungusha. Suzana anasimama nyuma kule na mama yake, ananiambia panda, simama, shusha. Simwoni, simgusi. Heshima yote imo ndani ya mnyororo.

Niambie, ni fundi gani mwingine Mwanza hii angefikiria hilo?

Ijumaa saa mbili asubuhi niliingiza Landrova uani Kiseke. Majirani walishajaa, maana nilikuwa nimewatangazia wiki nzima. Mama Shigela alikuwa bado ndani anavaa. Nikaeleza kazi kipande kwa kipande. Mzee mmoja, Yakobo, jirani wa pili, akauliza, "Kitambeba kweli mtu mzima?"

Jamani, swali gani hilo la kuniuliza mimi mbele za watu! Kwangu kazi haitoki bila mimi kuijaribu kwa mwili wangu. Nikitengeneza kitanda nakilalia, nikitengeneza ngazi naipanda. Ndiyo kanuni yangu tangu nimeshika chuma. "Yakobo," nikamwambia, "tazama!" Nikajitupa kwenye kile kiti, nikanyoosha mguu kwenye egemeo, nikamwambia ashike mpini. Akazungusha. Nikapanda juu taratibu, laini, bila kelele, huku nawapungia watu mkono kama mgeni rasmi. Wakapiga makofi.

Kisha makofi yakakatika. Nikageuza shingo. Mama Shigela alikuwa mlangoni, amesimama kwenye magongo yake, amevaa kitenge kipya, mkoba begani. Alitazama kiti, nami nimo ndani yake. Halafu akageuka polepole, gongo moja, gongo la pili, akarudi ndani.

Suzana akashika kichwa. "Osward! Umekikalia!"

Ndipo nikakumbuka. Mkwe hakalii kiti cha mama mkwe, na mama mkwe hakalii kiti alichokalia mkwe. Si kwamba sikujua. Nimelijua miaka kumi na mmoja. Nilimjengea mpini wa kumgeuzia mgongo, halafu nikaenda kukaa kwenye kiti chake mchana kweupe mbele ya mashahidi.

Suzana aliingia ndani, akatoka na ujumbe. "Mama anasema umefanya kazi nzuri. Kiti ni chako sasa, ukitumie kwa amani."

Hapo nikawaka. "Ni chuma! Nikifute kwa dizeli? Huyo mama yako anataka kumwona dada yake au anataka kuabudu kiti?"

"Rudia," alisema Suzana.

Sikurudia. Kuna sauti ambayo Suzana anaitumia mara moja kwa mwaka, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwaka huo.

"Mama hajatoka kwenye geti hili miaka miwili," alisema. "Amejiandaa tangu alfajiri. Unafikiri anafurahi kurudi ndani? Yeye anashika heshima yake kwako, na wewe unapiga kelele. Angekudharau, si angekaa tu?"

Simu yake ikalia pale pale. Alikuwa Maige. Mama yake alikuwa hajanywa hata maji tangu jana, na alikuwa anamtaja mdogo wake. Suzana alinyoosha ile simu ili nisikie mwenyewe. Nikasikia nyuma ya sauti ya Maige mwanamke anaita jina la utotoni la mama mkwe wangu, anaita tu, kama mtu anayemwita mwenzake wa kwenda kisimani. Hasira ikaniishia yote. Niliona aibu, sifichi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikang'oa kile kiti, nikakitupa kando. Mama mkwe alitaka kiti ambacho sijakikalia, basi nitakitafuta. Lakini tazama shida ya mtu wa maneno mengi: nyumbani kwangu viti vyote nimevikalia. Kwa Yakobo nimekalia vyote. Mtaa mzima wa Kiseke hakuna nyumba ambayo sijaingia, nikavuta kiti, nikaeleza jambo. Yakobo mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Huyu labda twende kanisani," alisema, "na kanisani pia huwa anabadilisha benchi."

Kilikuwepo kimoja tu. Kiti chake mwenyewe Mama Shigela, cha mbao, kilichosukwa kwa kamba za plastiki, anachokalia barazani kila siku. Hicho hata watoto hawakigusi. Nilimtuma Suzana akiombe. Alikaa ndani kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kama kwaresma, kisha akatoka nacho kichwani.

"Amesema ukate miguu. Ila mkono wa kulia usiuguse, ameuzoea."

Karakana ndogo ninayo pale uani. Nilikata miguu ya kile kiti. Nikakifungia fremu ya chuma cha pembe chini na mgongoni, nikakifunga juu ya zile shokapu, nikarudisha egemeo la mguu. Nilifanya kazi ya siku moja kwa saa mbili, na mdomo wangu ulifungwa. Majirani walishangaa zaidi kwa hilo kuliko kwa chuma.

Kisha nikasimama mbele ya kazi yangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kuijaribu. Mbao ni za zamani. Kilo tisini na nne, barabara ya vumbi, shimo juu ya shimo. Mwili wangu ulitaka kukaa, nakwambia, magoti yenyewe yalikuwa yanakunja! Nilipandisha viroba viwili vya mchanga, nikavishusha. Nikamwomba Suzana akae, akakaa juu ya mchanga uleule, nikazungusha. Mbao zikalia kidogo. Nikafunga skrubu nyingine mbili. Zikanyamaza.

"Kitashika?" Suzana aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekitengeneza mimi," nikasema.

Mama Shigela akatoka. Nikaenda kwenye mpini wangu, nikawapa mgongo. Nikasikia magongo yakija, kitenge kikichakarisha, kiti kikipokea uzito. "Panda," alisema Suzana. Nikazungusha. "Panda. Panda. Simama." Akawa juu.

Tuliondoka saa tano. Tukapita Buhongwa, tukapita Usagara, tukaingia darajani Kigongo. Pale zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanakuishia mkononi. Sasa unavuka kilometa tatu na ushee kabla hujamaliza maneno. Mimi sikuwa na maneno. Nilikuwa natega sikio kwa mbao. Kila baada ya dakika chache namwuliza Suzana kupitia dirisha dogo la nyuma ya kabini, "Kiti?" naye ananijibu, "Kipo." Busisi, kipo. Sengerema mjini, kipo. Tulipoacha lami shokapu zangu zikaanza kazi, na nikasikia mama mkwe anacheka kule nyuma. Alikuwa anapungia watu wa njiani. Nikajua kazi imekubali, na mdomo ukaanza kunirudia.

Tulifika saa nane kasoro. Nilimshusha, nimewapa mgongo, akaenda na magongo yake mpaka ndani. Nikabaki kando ya gari na Maige, ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Tukasikia mama mkwe anaongea Kisukuma. Kisha sauti nyingine, nyembamba sana, ikajibu, na wote wawili wakalia pamoja. Maige akaniambia, "Amejibu. Tangu asubuhi hajatujibu sisi."

Yuko hai. Tumewahi. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia, nikapiga teke gurudumu.

Suzana akatoka mbio. "Osward, geuza gari. Mama amesema tunampeleka hospitali Sengerema sasa hivi."

"Si alikuwa hataki?"

"Alikuwa hataki kwa Maige. Dada yake mdogo akimgombeza anakubali."

"Kiti ni kimoja, Suzana."

"Mama amesema kiti ni cha dada yake."

Kiti kile kile ambacho watoto hawakigusi. Nilimpandisha Mama Shigela kwanza. Akajisogeza mwenyewe kutoka kwenye kiti mpaka kwenye godoro walilotandika bodini, akaegemea kabini, mguu umenyooka mbele yake. Nikateremsha kiti. Maige akamtoa mama yake amemkumbatia kifuani, mwepesi kama furushi la nguo, akamweka, Suzana akamfunga kwa kanga. Nikapandisha. Maige akatangulia na pikipiki kwenda kuwaarifu watu wa hospitali.

Nikaendesha. Na hapa niseme ukweli: niliendesha vibaya. Niliogopa. Nilikuwa nafikiri, akitufia humu, safari yote hii nimemletea mama mkwe sanduku alilolikataa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikakanyaga mafuta. Vumbi likajaa, turubai likawa linapiga kelele, Landrova inaruka. Suzana, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anapiga bodi kwa mguu, maana mikono yote miwili ilishika kichwa cha mgonjwa. Sikusikia kitu.

Kisha karibu na sikio langu, kwenye lile dirisha dogo, sauti ikasema:

"Osward!"

Haikuwa ya Suzana. Nilikaribia kuingia mtaroni. Kwao jina la mkwe halitajwi, halitajwi hata kwa watu wengine, hata kwa kuulizwa. Mimi ni mwenzio, ni baba fulani, ni yule. Miaka kumi na mmoja.

"Osward, punguza mwendo! Unamuumiza dada yangu!"

"Samahani, mama," nikasema.

"Samahani haipunguzi mwendo. Punguza!"

Nikapunguza. Machozi yalinitoka palepale kwenye usukani, mtu mzima mimi, fundi. Nilikuwa nimegombezwa na mama mkwe wangu, na nilikuwa na furaha kama nini, na hofu pia.

Hakuondoka dirishani. Alikuwa amegeuza shingo anatazama njia juu ya bega langu, na njia yote ile ni yeye aliyeendesha. "Shimo. Shika kushoto. Polepole hapo, kuna mawe. Sasa nenda. Nenda, Osward, hapo pazuri." Mimi, ambaye simruhusu mtu kuniambia hata namna ya kushika nyundo, nilifuata kila neno. Aliposema kushoto nilikwenda kushoto. Aliponyamaza niliogopa, nikangoja aseme tena. Nyuma yake nilimsikia Suzana anamwimbia mama yake mkubwa taratibu, na katikati ya wimbo mgonjwa akipumua kwa nguvu, na mama mkwe anasema kwa Kisukuma kwa dada yake, kisha kwa Kiswahili kwangu, kwa dada yake, kwangu, bila kukosea nani wa nani.

Tukaingia kwenye lami. Nikaona geti la hospitali, Maige amesimama na wauguzi wawili na machela. Nikasimamisha gari polepole, kama ninavyoweka kioo mezani, nikazima.

Sikuthubutu kugeuka.

Ndipo ile sauti nyembamba ikauliza kutoka kwenye kiti, na Kisukuma cha maneno mawili nakijua: tumefika?

"Tumefika, dada," alisema mama mkwe. "Osward ametufikisha."